Enka imeteguka: umwite mkandaji, mtu wa masaji au fizio?

Jumamosi jioni mchezaji wa ndondo, mpira wa mtaani, katua vibaya, enka imejikunja kwa ndani. Kufikia Jumapili asubuhi kundi la WhatsApp la timu limeshampa namba nne za simu. Mmoja anamjua mzee wa Mbagala mwenye mikono ya dawa. Mwingine ana dada wa masaji aliyesomea. Wa tatu anasema nenda hospitali, kitengo cha fiziotherapia. Wa nne ana fundi wa mifupa kijijini kwao, "huyo mpaka wazungu wanamfuata". Wote wana ushahidi, maana kila mmoja alipona kwa huyo anayemsifia.

Shida ni kwamba wengi wao wangepona hata bila kuguswa. Enka iliyoteguka kidogo au msuli uliovutika kidogo hupoa wenyewe ndani ya wiki moja hadi tatu, kwa hiyo atakayekushika siku ya kumi ndiye atakayebeba sifa. Ndiyo maana ulinganisho huu hauulizi nani ana mikono mizuri. Unauliza nani anafaa kwa jeraha lipi, siku ya ngapi, na akiondoka anakuachia nini cha kufanya. Msimamo wangu niuseme mapema: mikono inapunguza maumivu na kulegeza viungo, lakini kinachomrudisha mtu uwanjani ni kuutumikisha mguu hatua kwa hatua. Mtoa tiba asiyekupa kazi ya kufanya nyumbani, hata kama vyeti vimejaa ukutani, namweka chini ya yule anayekupa.

Wanaoshindanishwa

Mkandaji wa mtaani mara nyingi kazi kairithi kwa bibi au mama, na vidole vyake vimepita juu ya miguu mingi kuliko vya daktari kijana. Vifaa vyake ni mafuta ya nazi, ya ufuta au ya karafuu, beseni la maji ya moto na chumvi. Anapatikana hata usiku, analipwa ulichojaliwa, na anakusikiliza mpaka umalize. Kwa mgongo uliochoka na mabega ya mtu anayebeba mizigo kutwa, simdharau hata kidogo.

Mtu wa masaji ya michezo anafanya kazi inayofanana na hiyo, ila kapita chuoni. Anayajua majina ya misuli, anajua pa kukwepa, na kwa kawaida hufanya kazi na watu wenye miili mizima: wakimbiaji, waendesha baiskeli, watu wa gym. Huko Iten, mji wa wakimbiaji ulioko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari katika kaunti ya Elgeyo Marakwet, kuchuliwa ni sehemu ya kawaida ya wiki ya mazoezi kama ilivyo chai ya maziwa.

Fizio, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mikono na mazoezi, amesoma diploma ya miaka mitatu au shahada. Kenya wengi wanatoka KMTC, chuo cha tiba cha serikali, na vyuo vikuu, Tanzania chuo cha KCMC pale Moshi kimezalisha wengi wao. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 iliyounda Baraza la Fiziotherapia, kwa hiyo kumwomba mtu leseni si utovu wa adabu. Jambo linalomtofautisha na hao wawili wa kwanza ni kwamba kazi yake haianzi na kukanda. Inaanza na kutafuta nini hasa kimeumia.

Wapo pia wa kiropraktiki, wanaosukuma mgongo na shingo mpaka vilie, wachache na wa mijini, na wapo mafundi wa mifupa. Hao nitawafikia.

Enka ileile mbele ya watu wawili

Tuichukue enka ya huyo kijana wa ndondo, imevimba kama andazi, tuipeleke kwa mkandaji usiku uleule.

Beseni linaletwa, maji yanatoa mvuke, kitambaa kinachovywa na kukamuliwa. Anakanda kwa kitambaa cha moto, anapaka mafuta, kisha anapapasa mpaka apate pale panapouma kuliko pote, na hapohapo anazamisha kidole gumba. "Vumilia, mwanangu, acha damu mbaya itawanyike." Mwisho anaushika unyayo na kuuzungusha mpaka usikike mlio. Kijana anatoka jasho, analala usingizi mzito kwa uchovu, na asubuhi enka ni kubwa kuliko ilivyokuwa jana.

Hakuna uchawi hapo. Mguu ukijikunja kwa ndani, zinazochanika ni ligamenti, nyuzi zinazofunga mfupa na mfupa, za upande wa nje, na pamoja nazo vinakatika vishipa vidogo vya damu. Joto linavitanua, kidole gumba kinavifungua upya. Ndiyo maana kwa saa 48 hadi 72 za mwanzo wataalamu wanakataza mambo manne: joto, pombe, kukimbia na kuchua. Mawili kati ya hayo ndiyo huduma ya kwanza katika nyumba nyingi za kwetu.

Sasa tuipeleke kwa fizio, usiku uleule. Huyu hachui kabisa. Anauliza: ulisikia mlio? Uliinuka mwenyewe? Ukaweza kutembea? Anakuomba upige hatua nne, hata kwa kuchechemea. Kisha anabonyeza mahali pachache maalumu: ukingo wa nyuma wa ule mfupa uliochomoza kila upande wa kifundo, kama sentimita 6 za mwisho kushuka mpaka nchani, mfupa ulioko ndani ya upinde wa unyayo, na kitako cha mfupa unaoelekea kidole kidogo, kwenye ukingo wa nje wa mguu. Utaratibu huu ulitengenezwa Ottawa, Kanada, na kuchapishwa 1992, na mpaka leo unatumika duniani kote. Ikiwa mifupa hiyo haiumi ukibonyezwa na hatua nne umeziweza, uwezekano wa kuwa umevunjika ni mdogo sana, na pesa ya picha ya eksirei unaweza kuibakiza mfukoni. Ukishindwa hatua nne, au mfupa mmojawapo ukiuma, nenda kapigwe picha kabla mtu yeyote hajakushika.

Akisharidhika, anafunga bandeji kuanzia karibu na vidole kupanda juu, anakuonyesha jinsi ya kulala mguu ukiwa juu ya usawa wa moyo, na anakwambia uanze kuchezesha vidole na kukanyaga kiasi unachoweza. Kuhusu barafu asikutishe mtu. Daktari Mmarekani Gabe Mirkin, aliyeueneza mwaka 1978 ule utaratibu wa kupumzika, kuweka barafu, kubana na kuinua, mwenyewe aliandika 2014 kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vinachelewesha kupona. Leo barafu ni ya kutuliza maumivu tu: dakika 10 hadi 15, kitambaa kikiwa katikati. Ukikosa barafu hujakosa tiba.

Siku ya kwanza, basi, fizio yuko mbele. Na kama fizio hayupo, aliyefunga bandeji na kulala yuko mbele ya aliyekandwa.

Siku ya tano au ya sita hesabu inabadilika. Uvimbe umepungua lakini kifundo kigumu, ngazi unashuka kwa ubavu. Hapa mikono ina kazi. Fizio anaushika mfupa wa juu ya kisigino na kuusukuma nyuma kidogokidogo, kwa mdundo, dakika chache, na ukisimama unashangaa goti linakwenda mbele kuliko dakika kumi zilizopita. Nafuu hiyo ni ya kweli lakini ni fupi. Ndiyo sababu hakuachi ukatoka hivihivi: anakusimamisha mbele ya ukuta, kidole gumba cha mguu umbali wa upana wa mkono, na unasukuma goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Kazi hiyo unaenda nayo nyumbani. Mkandaji naye kuanzia siku hizi sina ugomvi naye. Akikuchua vigimbi taratibu, akakwepa pale palipochanika, utalala vizuri.

Wanapoachana hasa ni wiki ya tatu. Maumivu yameisha, mkandaji kazi yake kaimaliza na mchezaji anarudi mechini. Lakini jaribu kusimama kwa mguu huo mmoja, macho umefumba, kisha ujaribu mguu mzima. Ukiona ule ulioteguka unayumba kama wa mlevi, enka bado haijui ilipo, na shimo la kwanza la uwanja wa mchangani litaikunja tena. Hili halitibiki kwa kuchuliwa, hata iwe mikono ya nani. Linatibiwa kwa kusimama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, kisha juu ya mto, kisha kuruka na kutua, kisha kukimbia kwa kukata kona. Kinachotabiri kuteguka kuliko vingine vingi ni kwamba uliwahi kuteguka.

Nyama za paja, na paja lililopigwa goti

Winga anakimbilia mpira mrefu, ghafla anashika nyuma ya paja kana kwamba kapigwa jiwe. Huyo msuli umechanika. Kuuchua kwa nguvu siku hizo za mwanzo ni kuendelea kuuchana, na ule upakaji wa dawa ya kuchua yenye kuwaka unadanganya tu: kinachopata joto ni ngozi, msuli uko chini kabisa na hauna habari. (Dawa hizo usizifunike na chupa ya maji ya moto. Zinababua.)

Mchaniko mdogo hutaka wiki moja hadi tatu, mkubwa zaidi wiki nne hadi nane, na hakuna mafuta yanayoufupisha muda huo. Alichonacho fizio ni ngazi ya mazoezi: kunyanyua kiuno ukiwa umelala chali, kisha kwa mguu mmoja, kisha kukimbia polepole, kisha kasi ya nusu, robo tatu, na mwisho kasi kamili. Mchezaji asiyefika kasi kamili mazoezini ataifikia siku ya mechi, na huko ndiko atakapochanika tena. Masaji inaingia baada ya wiki ya kwanza, kwa ajili ya misuli inayozunguka jeraha na inayokaza kwa kuogopa.

Kuna jeraha moja ambalo ningependa kila kocha wa mtaani alijue. Mchezaji amepigwa goti la paja kwa mbele, msuli umepondeka, kuna damu ndani. Akichuliwa kwa nguvu mapema, damu ile inaweza kugeuka mfupa: unaota kweli ndani ya nyama ya paja, goti linakataa kukunjika, na kazi ya wiki mbili inakuwa ya miezi. Paja lililopondeka funga bandeji ukiwa umelikunja goti kadiri linavyoruhusu, halafu mkono wa mtu usiliguse kwa nguvu siku za mwanzo.

Pale ambapo masaji inashinda

Wanaokwenda Moshi kila mwaka kwa Kilimanjaro Marathoni wanaijua Jumatatu yake. Nusu marathoni inapanda kuelekea Mweka halafu inageuka kushuka, na mteremko ndio unaoua mapaja, kwa sababu misuli inafanya kazi ya breki huku ikirefushwa. Maumivu yanakuja kesho yake, yanafika kileleni kati ya saa 24 na 72, na kushuka kwenye basi kunakuwa mtihani.

Hapo sikushauri fizio. Huna jeraha, una misuli iliyotumika. Mchuaji mzuri kwa dakika 30 au 40, mkono mwepesi hadi wa kati, atakufaa kuliko mtu mwingine yeyote niliyemtaja. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walikusanya tafiti 29 zilizohusisha watu elfu moja na kidogo. Hawakuona masaji ikiongeza nguvu, kasi, uwezo wa kuruka wala pumzi. Waliona misuli ikinyumbulika zaidi kidogo, na maumivu ya baada ya mazoezi yakipungua kidogo. Kidogo hicho, kwa mtu anayeshindwa kukaa chooni, si haba.

Ila usiuziwe habari ya kwamba wanakutoa asidi ya laktiki, ile inayotengenezwa na misuli ukikimbia. Asidi inayosemwa hujisafisha yenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya kuacha kukimbia. Unapolala kwenye kitanda cha mchuaji kesho yake, haipo ya kutolewa.

Tahadhari moja kuhusu safari hiyohiyo. Umekimbia kilomita 21, umepungukiwa maji, ukakaa kwenye basi kutoka Moshi hadi Dar kutwa nzima. Kesho yake kigimbi kimoja, kimoja tu, kimevimba, kina joto na kinauma ukikibonyeza. Hicho asikiguse mchuaji, asikiguse mkandaji. Inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, na kuichua ni kuisukuma ielekee mapafuni. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ugoko na kisigino

Huku mikono ya aina zote hupoteza, na wakimbiaji hupoteza miezi kwa kutolikubali hilo.

Ugoko kwanza. Maumivu yaliyotandaa kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, ukubwa wa kiganja, yanayopungua ukishapasha, mara nyingi ni mzigo ulioongezwa haraka. Punguza kilomita, chuliwa vigimbi ukipenda, imarisha vigimbi. Lakini ukiweza kuweka kidole kimoja na kusema "ni hapa", na panauma zaidi kadiri unavyokimbia, na usiku panakuamsha, mfupa unaweza kuwa na ufa. Hauchuliwi. Unaachwa, wiki 6 hadi 8 au zaidi bila kukimbia. Kwa mkimbiaji wa kike ambaye siku zake zimekata kwa miezi huku akila kwa kujibana, shaka hiyo iwe ya kwanza, na daktari amwone kuhusu chakula na homoni pia, siyo mguu peke yake.

Kisigino: ile kano nene nyuma yake ikinenepa na kuuma asubuhi, watu huibana kwa vidole wiki baada ya wiki. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake huko Sweden waliwapa wakimbiaji 15 wa kujifurahisha kazi moja ya kuchosha: simama ukingoni mwa ngazi, shusha kisigino taratibu, mara 15 kwa seti tatu, goti likiwa limenyooka, halafu tena likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, wiki 12. Ni mara 180 kwa siku. Wote 15 walirudi kukimbia. Tangu hapo idadi imejadiliwa na wengi wamepunguziwa, lakini msingi haujabadilika: kano inapona kwa kubebeshwa mzigo. Fizio anayekuchua kisigino kila Jumanne bila kukupeleka kwenye ngazi anakula hela yako.

Mlio wa shingo

Kiropraktiki ilianzishwa na Daniel David Palmer huko Davenport, Iowa, mwaka 1895. Kwa mgongo wa kiuno uliokaza, kusukumwa haraka kiungo kikalia kunaweza kutoa nafuu inayolingana na ile ya fizio, maana mafizio wengi nao wanaijua mbinu hiyo. Mlio wenyewe si mfupa unaorudi mahali pake. Ni gesi iliyomo kwenye majimaji ya kiungo. Kwa enka, goti au paja la mwanamichezo sioni anachokupa mtu wa kiropraktiki ambacho fizio hana, na bei yake huwa ya juu.

Wasiwasi wangu uko saluni za kiume. Umenyolewa, umesingwa kichwa, kijana anakamata kidevu na kisogo, anazungusha, shingo inalia pande zote mbili. Wanamichezo wanaipenda wakidhani inafungua mwili. Kuzungushwa shingo kwa nguvu kunaweza, mara chache, kuchana mshipa wa damu unaopanda ubongoni, na matokeo ni kiharusi kwa mtu ambaye hana hata shinikizo la damu. Mwambie kinyozi aishie mabegani.

Fundi wa mifupa

Watu hawaendi kwa fundi wa mifupa kwa ujinga. Wanakwenda kwa sababu yuko karibu, hatishii kukata mguu, na ndugu wanaruhusiwa kukaa na mgonjwa. Wengine wana ustadi wa kweli wa kunyoosha kidole kilichotenguka. Tanzania tangu sheria ya 2002 kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na fundi aliyesajiliwa ana kitu cha kupoteza akikuharibia.

Bado kwa mfupa uliovunjika nasema hapana. Hana picha ya kuona ulivyokaa, na hatari kubwa kuliko zote iko kwenye vijiti anavyofunga. Mguu unavimba ndani ya kifungo kisichopanuka, damu inazuiwa, misuli inakufa. Ukimkuta ndugu yako ameshafungwa, angalia vidole: vikiwa baridi, vimepauka au vya bluu, vina ganzi, au maumivu yanazidi hata kidole chake kikinyooshwa tu, kata kamba hizo papo hapo, halafu mkimbilie hospitali. Hogo la hospitali, yaani plasta ngumu, nalo likibana hivyo linapasuliwa, usione haya kurudi saa nane usiku.

Kinga: masaji ya kila wiki au dakika 20 za uwanjani?

Swali hili huletwa na mfano wa Eliud Kipchoge. Mbona yeye pale Kaptagat alikuwa akichuliwa mara mbili kwa wiki na fizio wake, Peter Nduhiu? Kweli. Lakini alikuwa akikimbia kilomita 200 na zaidi kwa wiki, na aliyemchua ni mtu aliyemjua mguu kwa mguu, aliyehisi kigimbi kilichoanza kukaza kabla mwenyewe hajalalamika. Kwake masaji ilikuwa ukaguzi. Na kambi ileile ilikuwa na vipindi vya nguvu na kunyumbulika ambavyo havipigwi picha sana. Wewe unayekimbia Jumanne na Jumamosi ukinunua masaji peke yake, umechukua kipande kitamu cha ratiba yake na kuacha kile kinacholinda.

Kwa timu ya mpira hesabu haina ugumu. Mpango wa kupasha wa FIFA 11+, uliotoka 2006, una mazoezi 15: mbio za taratibu na kunyumbulika, kisha nguvu, mizani na kuruka kwa viwango vitatu vya ugumu, kisha mbio za kasi na kona. Unachukua dakika 20, angalau mara mbili kwa wiki, na vifaa ni mpira na koni. Norway waliupima kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakatoka 2008: majeraha yalipungua kwa theluthi moja hivi. Lagos, Nigeria, waliupima kwa vijana wa kiume wa ligi ya mji, viwanja vinavyofanana na vyetu kuliko vya Oslo, na mwaka 2014 wakaripoti kupungua kwa 41%. Sijaona mchuaji wala mafuta yanayokaribia namba hizo.

Kwa nyama za paja ongeza zoezi moja: piga magoti, mwenzako akushike vifundo, kisha uuachie mwili uanguke mbele taratibu kadiri misuli ya nyuma inavyoweza kuuzuia. Tafiti zikikusanywa pamoja, timu zinazolifanya hupunguza majeraha ya nyama za paja kwa karibu nusu. Wiki ya kwanza fanya machache mno, vinginevyo utamchukia aliyelibuni.

Makocha wa mtaani wanasema muda hakuna. Muda huo upo: ni ule wa kusubiri wachezaji wachelewaji huku waliofika wanapiga mashuti ya mbali bila kupasha.

Pesa, na kumjua fizio anayefanya kazi

Kikao kimoja cha fizio wa kliniki binafsi kwa kawaida kinazidi cha mkandaji mara kadhaa. Ila enka ya kawaida ikifuatiliwa vizuri inataka vikao vichache, kazi kubwa unaifanya sebuleni kwako, wakati mkandaji anakupigia hesabu ya kurudi kila wiki. Hospitali za umma na za mikoa zina vitengo vya fiziotherapia vya bei nafuu, na bima nyingi zinalipia ukiwa na barua ya daktari, kwa hiyo anza kwa kuuliza hapo. Dar, kwa jeraha zito, kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Cheti peke yake hakitoshi, na hili nalisema kwa uchungu kidogo. Kuna kitengo nilichowahi kupelekwa ambako nililazwa chini ya taa nyekundu ya joto, nikawekewa waya za umeme, mhudumu akatoka kuongea na simu, na mashine ilipolia akarudi kunivua. Hakuna aliyegusa mguu wangu wala kuutazama ukitembea. Kwa mkandaji ningeshikwa angalau.

Kwa hiyo kikao cha kwanza mkague. Je, ameulinganisha mguu mgonjwa na mzima? Amekuona ukitembea, ukichuchumaa, ukisimama kwa mguu mmoja? Amekwambia kilichoumia ni nini na kitachukua wiki ngapi? Umetoka na mazoezi mawili au matatu, idadi ikiwa imeandikwa? Amekuambia lini utaacha kuja kwake? Na siku ya kukuruhusu, asikuulize tu kama unaumwa: akuhesabie ukinyanyua kisigino kwa mguu mmoja mpaka 20 au zaidi, aone unaruka kwa mguu huo karibu sawa na mwingine, akukimbize kwa umbo la nane. Mwanamke anayetaka kuhudumiwa na mwanamke, hasa kwa kinena na nyonga, aseme anapopiga simu. Ni ombi la kawaida na vitengo vingi vinalizoea.

Watoto wa akademi

Mtoto wa miaka 10 hadi 15 anayelalamika kwa kinundu kinachouma chini tu ya goti, pale kano inaposhika mfupa wa ugoko, asikandwe kinundu kishuke. Ni mfupa unaokua ukivutwa na misuli ya paja, kinundu hakishuki kwa kubonyezwa, na kila kubonyezwa kunakiwasha. Punguza idadi ya mechi na kuruka kwa wiki kadhaa, fizio amfundishe kuimarisha mapaja, na kocha aambiwe. Mtoto huyohuyo akichechemea huku akisema ni goti, lakini goti lenyewe halina kitu na nyonga haizunguki vizuri, mpeleke kwa daktari siku hiyo apigwe picha ya nyonga. Kwa watoto maumivu ya nyonga hujitokeza gotini, na mkandaji ataendelea kuchua mahali ambapo hapana ugonjwa.